Uso wa Baba kwenye Shuka Jeupe

"Bila uso, wimbo hauingii," Bwana Subiri aliniambia. Tulikuwa tumesimama katikati ya migomba ya baba yangu kule Rungwe, mimi na yeye na kamera yake ya miguu mitatu, na jibu lililotakiwa kunitoka kinywani lilikuwa hapana. Neno hilo nililijua kwa Kinyakyusa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha shule ya sekondari. Nikasema, "Sawa, bwana."

Yote mtakayosoma hapa yametokana na hiyo sawa.

Ninyi vijana mnaopiga muziki wenu wenyewe, bila kampuni wala kwaya nyuma yenu, mmekuwa mkiniuliza namna ya kuingiza wimbo kwenye filamu na televisheni. Mjukuu wangu ananieleza kwamba siku hizi wimbo unatumwa kwa simu, na mtengeneza filamu anausikiliza akiwa anakunywa chai. Hayo ya simu siwezi kuwafundisha. Lakini kazi yenyewe, ya kumshawishi mwenye picha aamini kwamba picha yake haijakamilika mpaka wimbo wako uwemo, niliifanya miaka ya hamsini, wakati hata jina haikuwa nalo. Mkiyajua makosa yangu mtakuwa mmejua karibu kazi yote.

Nilikuwa karani na mkalimani wa lori la sinema la serikali. Makao yetu yalikuwa Mbeya, na tulizunguka nyanda hizi mpaka Iringa na kurudi, tumebeba jenereta, projekta, shuka jeupe la kuonyeshea picha, na vipaza sauti viwili vyenye umbo la tarumbeta. Filamu zetu zilikuwa za mafundisho: chimba choo, ogesha ng'ombe, chuma kahawa iliyoiva na uiache ya kijani. Mimi nilisimama kando ya shuka na kueleza kwa Kiswahili yaliyokuwa yakisemwa kwa Kiingereza. Mashine zote zilikuwa chini ya fundi Kalolo, Mhehe wa Iringa, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mitano. Kila siku kabla ya kuiwasha jenereta aliiamkia kwa Kihehe: "Kamwene." Isipowaka, alisema haijaitikia, na hakuigusa tena mpaka amalize kuvuta sigara.

Filamu hizo zilikuja na muziki wake kutoka Ulaya, fidla nyingi zikilia kwa pamoja. Jioni moja pale Rujewa tulionyesha ile ya josho. Ng'ombe wanatumbukia, fidla zinalia. Mzee mmoja wa Kisangu, mwenye ng'ombe wengi kupita wote waliokuwa pale, akasimama na kuinua fimbo.

"Karani, simamisha kwanza. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee."

"Mbona wanalia?"

"Huo ni muziki, mzee."

"Muziki wa nini?"

"Wa ng'ombe."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Wao wenyewe wakitumbukiza wa kwao wanawalilia. Halafu sisi tuambiwe tupeleke wa kwetu tukicheka."

Kesho yake josho la Rujewa halikuona hata ndama.

Nikaiandika habari hiyo kwenye ripoti, neno kwa neno, nikaongeza kwa Kiingereza changu kizuri kwamba filamu za nyanda hizi zinahitaji muziki wa nyanda hizi. Baada ya miezi michache tuliletewa Mzungu mpiga filamu, aje atengeneze filamu hapahapa kwetu. Jina lake halikutamkika vijijini. Neno la Kiswahili alilolipenda lilikuwa subiri: jua likiingia wingu, subiri, kuku akipita, subiri, mtu akitaka kwenda haja, subiri. Basi akawa Bwana Subiri, na aliposikia jina lake alidhani ni la heshima. Alikuwa na kinasa sauti cha utepe, kizito kama sanduku la vyombo. Akaniambia, "Wewe uliyeandika ripoti, nenda ukatafute nyimbo."

Nikawa mtafuta nyimbo. Kosa langu la kwanza nililifanya Iringa.

Kikundi cha akina mama walinipa wimbo mtamu sana wakati wakipeta mahindi. Kihehe sikijui, lakini sauti zilivyopandana zilinipendeza. Bwana Subiri akaulaza wimbo ule chini ya picha ya afisa kilimo, Mzungu mnene mwenye kaptula, akitembea katikati ya mahindi na kuyakagua. Filamu iliporudi ikiwa tayari tukaionyesha pale pale Iringa, naye afisa mwenyewe akaja na kiti chake. Afisa alipotokea kwenye shuka, uwanja mzima ulianguka kicheko. Wanaume walishikana mabega. Bibi mmoja alicheka mpaka akaomba maji. Afisa akafurahi, akaomba sehemu ile irudiwe, na watu wakacheka zaidi.

"Wananipenda," akamwambia Kalolo.

"Sana, bwana," Kalolo akajibu.

Tulipokuwa tunakunja shuka nikamuuliza Kalolo wimbo ule unasema nini.

"Unasema, mwenye tumbo amekuja tena, ficheni ugali."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua toka siku mnarekodi."

"Sasa mbona hukuniambia, fundi?"

"Hukuniuliza. Ninyi Wanyakyusa mkisoma kidogo mnadhani kila kitu kimeandikwa kwenye ndizi zenu." Akaona nimeumia, akalainika. "Uliza kila neno, bwana mdogo. Uliza limesemwa na nani, limesemwa kwa nani, na nani hatakiwi kulisikia. Ukishajua hayo ndipo uwashe mashine."

Hilo liandikeni ukutani. Wimbo una mtu anayeimbiwa, na una mtu anayefichwa. Mimi niliandika kwenye daftari, nikalifunga daftari.

Mengine aliyonifundisha Kalolo nayakumbuka vizuri, pengine kwa sababu hayakuhitaji moyo. Mwimbaji mweke upande unakotoka upepo, na jenereta iwe mbali, nyuma ya nyumba ikiwezekana. Chombo cha nyuzi kilichokaa moshini kikaushwe juani kwanza, la sivyo kitashuka sauti katikati ya wimbo. Kuku wafungiwe, na jogoo apelekwe kwa jirani. Na jambo kubwa kuliko yote: usirekodi mtu anapoanza kuimba. Anapoanza anaimba kwa ajili yako. Tazama mguu wake. Mguu ukianza kupiga chini wenyewe, amekusahau, washa.

Na msidharau mahali popote. Kule Makongolosi kwenye dhahabu, wachimbaji walituambia tuzime maelezo yangu kuhusu choo na tuache wimbo tu. Walicheza mpaka vumbi likaziba mwanga wa projekta, picha ikapotea kabisa, na hakuna aliyelalamika. Bwana Subiri alikasirika. Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba wimbo ukiwa mzuri picha inakuwa mzigo, na mtu akishaamini hivyo anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu wenye picha hawaamini.

Ndipo ikaja filamu ya kahawa, ya kupigwa kwetu Rungwe, na mimi nikamtaja baba yangu.

Mzee Mwakalukwa alipiga ipango, ubao wenye nyuzi unaoshikizwa kwenye kibuyu ili sauti ijae. Hakuwa mtu wa kwaya. Wachungaji walimwalika mara mbili, akawajibu kwamba wimbo wake una miguu na kanisani watu wanakaa. Alikuwa na wimbo mmoja wa kuchuma kahawa, alioutunga mwenyewe, ambao ukiusikia mkono unakwenda kwenye tawi hata kama uko barabarani. Niliutaka wimbo ule uingie kwenye filamu kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote wakati ule. Niliwazia watu wa Tukuyu, wa Mbeya, wa Njombe, wa Iringa, wote wakiusikia, na mtu akiuliza ni wa nani nimjibu ni wa baba.

Nilipomweleza, alisikiliza mpaka mwisho.

"Wanataka wimbo wa muda gani?"

"Dakika mbili, baba."

"Dakika mbili mimi bado nakohoa."

"Tutachukua katikati tu, ukishapata moto."

"Haya. Sauti chukua. Uso wangu usipelekwe kwenye hilo shuka lenu. Mkeo hukaa mbele kabisa kwenye sinema, nimesikia. Na wake wa ndugu zako vilevile."

Hapa nieleze kwa wale ambao si wa kwetu. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mwanao hakuoni na wewe humwoni. Si ugomvi, ni heshima, na wengine waliishika hata baada ya kubatizwa. Mke akimsikia baba mkwe njiani anaingia shambani mpaka apite. Baba yangu alikuwa na wakwe watatu, mke wangu Tusekile na wake wa kaka zangu wawili, na aliwarahisishia maisha: alikuwa na kikohozi kikubwa cha makusudi, alichokitoa kila baada ya hatua ishirini. Ukikisikia upande wa kisima, unakwenda upande wa kahawa. Wakwe zake walikijua kikohozi kile kuliko kengele ya shule. Sauti yake waliruhusiwa kuisikia, na ndiyo iliyowasaidia kumkwepa. Uso hawakuuona hata siku moja.

"Nakuahidi, baba," nikasema.

Siku ya kurekodi Bwana Subiri akasikia wimbo mara moja tu, akachanganyikiwa. Akasema watu hawataamini sauti kama hiyo bila kuona mdomo unaoitoa. Nikamweleza mambo ya wakwe. Akasema alikuwa na sahani ya santuri yenye tarumbeta za bendi ya jeshi, nzuri sana, ingeweza kukaa chini ya kahawa bila tabu. Kisha akasema ile sentensi niliyoanza nayo, na mimi nikaijibu nilivyoijibu.

Kamera tukaiweka karibu na kinasa sauti, tukaifunika gunia, likabaki jicho lake tu. Baba alipokaa akaliona.

"Hilo jicho la nini?"

"Ni sehemu ya mashine ya sauti, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaweka ipango mapajani. Alikuwa ananiamini kwa sababu nilikuwa nimesoma. Alipiga kidogo, akakohoa, akapiga tena, na baada ya robo saa mguu wake ukaanza kupiga chini. Mimi mwenyewe nikampa Bwana Subiri ishara.

Filamu ilirudi baada ya mavuno. Wimbo ulikaa dakika mbili kamili, na katikati yake uso wa baba, macho yamefumbwa, mdomo wazi, kwa muda wa kumeza mate mara tatu. Nilijiambia kwamba ni mfupi. Nilijiambia kwamba picha si mtu. Sekondari tulifundishwa hivyo, mwanga unapita kwenye kioo, ndiyo hivyo tu. Sasa mtu mwenye akili angeipeleka filamu ile Iringa na kuiacha huko. Mimi niliomba ionyeshwe kwetu, kwa sababu ya majivuno.

Tusekile aliniuliza akiwa anafunga kitambaa kichwani, "Baba atakuwepo?"

"Hatakuja uwanjani," nikasema. Ilikuwa kweli.

Giza lilipoingia Kalolo akaiamkia jenereta, nayo ikaitikia. Watu walijaa mpaka kwenye ukingo wa shamba. Wakwe watatu walikuwa mbele kabisa, wamekaa kwenye mkeka mmoja. Wimbo ulipoanza uwanja ulishtuka kwa furaha, watu wakaitana, "Mwakalukwa! Ni Mwakalukwa!" Nikaona mikono ya wanawake ikianza kuchuma hewani. Sijawahi kufurahi vile, kabla wala baada.

Ndipo baba akatokea, urefu wa mita tatu.

Mke wa kaka mkubwa alitoa ukelele na kufunika kichwa kwa nguo, akaondoka mbio bila kuona, akamwangusha mwalimu mmoja pamoja na kiti chake. Mke wa kaka wa pili alikuwa na akili zaidi: alikimbilia nyuma ya shuka ajifiche. Hakujua kwamba picha inapenya. Alipoinua macho, baba alikuwepo na huko pia, amegeuka tu upande. Huyo alikata kamba ya shuka akipita. Tusekile alisimama akanitazama, ameduwaa kama mtu aliyeibiwa, kisha naye akakimbia, na wote watatu wakashika njia ya kisimani.

Watu walikuwa wanacheka mpaka wanalala chini. Kalolo, ambaye hakujua mila yetu, aliniuliza kwa sauti, "Mnyakyusa, wamemwona chui?"

Sasa baba. Alikuwa nyumbani kwake, ng'ambo ya mto, amesikia sauti yake mwenyewe ikivuka bonde. Nani asingetaka kuisikia vizuri? Akatoka, akaja mpaka kwenye njia ya kisimani, mbali na uwanja, mahali ambapo hakuna mkwe angempita bila kusikia. Na alikohoa. Alikohoa njia nzima, majirani waliokuwa naye walishuhudia. Lakini vipaza sauti vyangu viwili vilikuwa vinaimba wimbo wake kwa nguvu zote, na kikohozi chake hakikufika popote.

Waliokuwa wanaukimbia uso wake wakagongana nao kwenye kona, chini ya mbalamwezi. Baba alijitupa kwenye kahawa. Mke wa kaka mkubwa alirudi alikotoka, akamkuta yule wa pili, wakaanguka pamoja. Tusekile aliingia kwenye mfereji wa maji, akakaa humo mpaka shingoni. Nilipomfikia alikuwa bado amefumba macho.

"Ameshaondoka?"

"Ameondoka."

"Namsikia bado."

"Hiyo ni mashine, Tusekile."

"Wewe umejuaje ipi ni mashine na ipi ni baba?"

Nilicheka. Samahani, ndiyo ukweli, nilisimama ukingoni mwa mfereji nikacheka, na kwa miaka mingi niliwasimulia watu kisa hiki ili wacheke, na wao walicheka. Hata ninyi mmecheka sasa hivi.

Asubuhi nilikwenda kwa baba. Nilitarajia fimbo, ingawa nilikuwa mtu mwenye mke. Alikuwa anakausha miguu yake motoni, mikwaruzo ya kahawa mpaka usoni. Akaniitikia salamu. Akauliza kama kamba ya shuka letu imeungwa. Kisha akasema, "Nilikuuliza jicho lile la nini." Wazee walikaa siku mbili kuyasawazisha mambo yake na wakwe zake, na yakasawazishwa. La kwangu na lake halikuwekwa mbele ya wazee, maana hakulitaja.

Ipango aliitundika juu ya meko. Aliendelea kunikaribisha, kunicheka kwa suruali zangu, kuniuliza habari za Iringa. Ila hakuimba tena. Wakati wa kuchuma kahawa shamba lake lilikuwa kimya, na wakwe zake walikaa mbali zaidi, kwa sababu hata kukohoa alipunguza.

Malalamiko yalifika kwa chifu, yakafika bomani, na agizo likaja kwamba kipande kile chote, dakika mbili nzima za wimbo, kiondolewe kwenye filamu. Nikambembeleza Kalolo: akate uso, aache sauti, ili angalau wimbo wa mzee ubaki. Akauvuta mkanda kwenye mwanga na kunionyesha ukingo wake. Kando ya picha kulikuwa na mstari mwembamba, umechongoka kama milima ya mbali.

"Sauti ndiyo hiyo," akasema. "Imechapwa pamoja na uso. Ukikata kimoja umekata vyote viwili. Hukujua?"

Miaka yote nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye mashine ile, na sikuwa nimeuliza.

Nikakimbilia utepe wa kinasa sauti, ule wa kwanza tuliorekodia nyumbani. Utepe ulikuwa adimu. Bwana Subiri alikuwa ameshautumia tena, na palipokuwa na wimbo wa baba palikuwa na hotuba ya afisa kuhusu samadi, dakika ishirini na mbili, na katikati anapiga chafya.

Baba alifariki miaka michache baada ya Uhuru. Nilikaa naye wiki tatu za mwisho. Siku moja nilijikaza nikamwomba aimbe kidogo, sauti ya chini tu. Akatabasamu, akaniambia kifua kimechoka, na labda ni kweli.

Kalolo aliwahi kuniletea kopo la sigara. Ndani mlikuwa na kipande cha mkanda alichokiokota sakafuni siku ya kukata, picha kumi na moja. Ukikiinua dirishani unamwona Mzee Mwakalukwa, mdogo kama ukucha, mdomo wazi, mara kumi na moja, na ule mstari wa sauti pembeni. Mjukuu wangu alikipeleka Dar es Salaam kwa watu wenye mashine wajaribu kukisikiliza. Ni chini ya nusu sekunde. Kinatoa kitu kama mlango unaogusa fremu, hakitoshi hata kikohozi.

Uso ambao baba alinikataza ninao, kwenye kopo, kabatini. Sauti aliyonipa kwa hiari yake niliipoteza, na wimbo wake hakuna mtu aliye hai anayeweza kuuimba.